Taa Namba 417

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari hili nililinunua mwaka jana kwa ajili ya mafunzo ya kulipua mwamba. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina langu, Keneilwe, na tarehe ya kuanza darasa. Ukurasa wa pili ulibaki mtupu, kwa sababu kabla darasa halijaanza niligundua nina mimba, na kwenye mgodi wetu mwanamke mwenye mimba hashuki chini. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Wakanipeleka chumba cha taa, huku juu, nikawa nawagawia wenzangu taa za kofia dirishani.

Kiti changu darasani akapewa Zimkhitha. Na taa yangu pia, namba 417.

Miezi sita kabla ya kujifungua, na mitano baada ya likizo ya uzazi, kila asubuhi nilimkabidhi mwanamke yule taa yangu kwa mkono wangu mwenyewe, naye akanijibu "asante, dada" kwa meno yote.

Leo nimerudi chini. Mtoto wangu Oratile ametimiza miezi tisa. Nimepewa taa namba 1032. Na kwa kuwa ofisi ina utaratibu kwamba mwanamke asitembee peke yake shimoni, lazima awe na mwanamke mwenzake, na timu yetu, tangu wa tatu ahamishwe, ina wanawake wawili tu, sina haja ya kuandika mwenzangu ni nani.

Jumanne, 7 Oktoba

Miguu imevimba. Maziwa yamevuja hadi nje ya ovaroli. Machobane, mtoboaji wa timu yetu, aliniangalia kifua akauliza kama kuna bomba limepasuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Pule, mume wangu, alipunguzwa kazi walipofunga shimo la upande wa pili. Yeye ndiye anayebaki na mtoto. Watu mtaani wanamwita Mama Oratile Mdogo, naye anaitika. Anapika uji, anafua nepi, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya.

Leo nimefika nyumbani nikanyoosha mikono. Oratile kanitazama, kisha kageuka kajificha shingoni mwa baba yake. Pule akasema, "Ni hilo vumbi tu, kaoge kwanza." Nikaoga. Nikarudi. Kajificha tena.

Namshukuru Mungu kwa mwanamume huyu. Leo lakini nilitamani awe mzembe kidogo.

Jumatano, 15 Oktoba

Mkutano kabla ya zamu. Amekuja Bi Mokgatlhe wa ofisi ya watumishi, na viatu vyake vyeupe. Ametangaza kwamba kila shimo lazima liwe na mwanamke mmoja anayeongoza timu kuanzia Januari. Kwetu, atakuwa yule atakayefaulu mtihani wa kulipua wa Desemba. Yaani Zimkhitha. Akishafaulu, kiti cha mafunzo cha wanawake kinafungwa, maana lengo litakuwa limetimia. Asipofaulu, kiti kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni mimi.

Machobane, ambaye ametoboa mwamba miaka kumi na tisa, akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Mnatafuta mtu au mnatafuta sketi?"

"Tunatafuta mtu aliyenyimwa kazi kwa sababu ya sketi."

Watu wakacheka. Machobane hakukaa. "Mimi sisemi wanawake wabaya. Mke wangu ni mwanamke. Nasema mwili wao haukuumbwa kwa ile mashine. Hata kutembea, wanatembea wawili wawili. Watu wawili, kazi moja!"

"Mashemeji zangu," Zimkhitha akasema bila kuinuka, "tunatembea wawili kwa sababu yenu. Siku mtakayojifunza kuweka mikono mifukoni, tutatembea mmoja mmoja."

Ukumbi mzima ulilipuka. Hata Mzee Rampedi, msimamizi wetu wa zamu ambaye hacheki, alishika kofia yake kwa kicheko.

Jibu lile lilikuwa langu. Nililisema mwaka juzi, ukumbi uleule, Zimkhitha akiwa mgeni amekaa nyuma karibu na mapipa. Kiti amechukua, taa amechukua, sasa ameingia mpaka mdomoni mwangu.

Bi Mokgatlhe akauliza kama kuna mwanamke mwingine mwenye neno. Nilikuwa nalo. Nilitaka kuuliza kwa nini mtu akizaa hakuna anayemwekea nafasi yake. Lakini ningesimama, watu wote wangegeuka kumtazama Zimkhitha, kisha mimi, na wangejua nalilia nini. Nikainama. Nikafunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Radi nyingi, ulipuaji umesitishwa. Tumekaa tu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua haikatiki. Barabara ya kutoka mtaani hadi getini imekuwa tope jekundu.

Leo chini, kabla ya kuanza, tuligonga dari kama kawaida. Unagonga mwamba kwa chuma kirefu na kusikiliza. Mwamba mzima unalia kama kengele, mwamba uliojitenga unatoa sauti ya ngoma iliyolegea. Zimkhitha akagonga mara mbili upande wa kushoto, akasema, "Hapa hapana. Timu irudi nyuma."

Machobane akagonga naye. "Huu ni mzima, dada. Usitucheleweshe."

"Ni ngoma hiyo."

"Ngoma unaisikia wewe peke yako? Labda kuna harusi kwenu."

Mzee Rampedi hakubishana. Alituondoa sote, akachukua chuma kirefu zaidi, akachokoa kwa mbali. Likashuka bamba kubwa kama mlango wa nyumba. Vumbi likatulia. Pale lilipoangukia ndipo Machobane huwa anaweka mashine yake, na miguu yake.

Mzee Rampedi akamwambia Zimkhitha, "Masikio hayo ni ya mlipuaji."

Mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza. Alipokuja hapa alikuwa anagonga mwamba kama mtu anayebisha hodi. Nilimshika mkono nikamwambia, funga macho, sikiliza kwa mfupa wa bega. Nilingoja leo aseme, "Nimefundishwa na dada Keneilwe." Maneno manne tu. Hakusema. Kwa kweli alikuwa bado ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili, pengine hakumkumbuka mtu yeyote. Lakini mimi niliyahesabu yote manne, na yote manne hayakuja.

Jumanne, 4 Novemba

Kuna chumba cha kukamulia maziwa, kina kibao mlangoni na picha ya mama na mtoto. Nimekifungua leo mara ya kwanza. Kimejaa gambuti hadi darini, zote za kiume.

Jumatano, 12 Novemba

Zimkhitha ametapika njiani tukitoka kwenye kizimba kinachotushusha shimoni. Anasema ni magwinya, maandazi yale, aliyokula jana. Mafuta mabaya, anasema.

Alhamisi, 20 Novemba

Najua. Nimejua.

Kwenye njia ya chini kuna mahali unapita juu ya reli na bomba la maji, lazima uinue mguu juu sana. Zimkhitha alipoinua mguu, mkono wake wa kushoto ulishuka wenyewe chini ya mkanda, ukakaa pale kama mtu anayeshika yai. Mkono ule naujua. Wangu ulifanya hivyo miezi yote ya mimba.

Nikazima taa yangu. Kule chini mtu akizima taa, mwenzake anajua kuna maneno ya faragha.

"Miezi mingapi?"

Naye akazima yake. Maji yanadondoka.

"Minne kasoro," akasema.

"Unawaza nini, wewe?"

"Nawaza tarehe tisa Desemba, dada. Mkaguzi anakuja tarehe tisa. Nikisema leo, kesho niko dirishani nagawa taa. Wewe unajua."

"Najua."

"Nikikosa mtihani, naanza upya. Masomo yote, karatasi zote."

"Na mtoto?"

"Siendi karibu na moshi wa baruti. Sijawahi kukaa kwenye moshi tangu nijue. Namlinda."

Nikawasha taa. Tukaendelea na njia.

Sasa niko mezani, Pule anamwogesha Oratile, nawasikia wanacheka. Naandika mambo kama yalivyo. Nikisema ofisini, sheria iko upande wangu. Nikisema, mtoto wa Zimkhitha anakuwa salama. Nikisema, kiti kinarudi kwangu. Mambo matatu yote mazuri, yote yako mfuko mmoja. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nimejichunguza nione nililifikiria lipi kwanza pale gizani, nikakuta yule mtoto nilimkumbuka wa mwisho.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemwambia asubuhi, kabla ya foleni ya taa.

"Sikiliza vizuri. Chuma cha dari nabeba mimi. Magogo ya kutegemeza mwamba nabeba mimi. Ukihisi maumivu, ukiona tone moja la damu, nasema dakika hiyo hiyo, siombi ruhusa yako. Na tarehe tisa ukitoka chini, unakwenda zahanati bila kupita popote. Usipokwenda, nakwenda mimi kusema."

Macho yakamjaa machozi. Akataka kunikumbatia.

"Usinikumbatie," nikamwambia. "Sijakusamehe."

"Nimekukosea nini, dada?"

Nikaenda kupanga foleni.  Hajanikosea kitu, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Jumanne, 2 Desemba

Mgongo. Nabeba vyangu na vyake.

Machobane: "Siku hizi umekuwa kijakazi wa malkia, Mama Oratile?"

"Na wewe umekuwa mtunga mashairi? Toboa."

Pule amenikanda mgongo kwa mafuta ya moto, akauliza, nikamweleza yote. Akaongeza mafuta, kisha akasema, "Kwa hiyo unambebea mtu aliyebeba nafasi yako."

"Ndiyo."

"Angekuwa yeye, angekubebea?"

"Sijui. Mimi hakuna aliyenibebea."

"Hukumwambia mtu," akasema. "Hata mimi uliniambia baada ya kupelekwa chumba cha taa."

Nikamwambia akande, asiongee.

Jumanne, 9 Desemba

Naandika mpaka nimalize, hata kama mkono unauma.

Oratile aliamka mwili unawaka. Pule akaweka kipimo kwapani, thelathini na tisa. Zahanati inafunguliwa saa moja. Kizimba chetu kinashuka saa kumi na moja na nusu. Mvua ilikuwa inapiga bati kama kokoto.

Nilishavaa. Nilikuwa na gambuti miguuni. Nikamchukua mtoto kifuani nikakaa kitandani, na wazo likaja taratibu, likakaa karibu nami kama mgeni mstaarabu: usiende. Mimi nisipokwenda, Zimkhitha hana mwenzake. Hana mwenzake, hashuki. Hashuki, mkaguzi anaandika "hakufika". Sihitaji kusema neno kwa mtu yeyote, wala kutoa siri ya mtu. Mtoto wangu anaumwa, nimebaki naye. Nani duniani atanilaumu? Hata Zimkhitha mwenyewe atasema pole.

"Nenda," Pule akasema. "Mimi nipo."

"Ana homa."

"Naiona. Saa moja nitakuwa mlangoni kwa nesi. Nenda kazini."

"Mtoto anamtaka mama yake!"

Nilipiga kelele. Oratile akashtuka, akalia, akainua mikono miwili. Kuelekea kwa baba yake. Pule akamchukua bila kuniangalia, akamlaza shingoni, akaanza ule wimbo wake mbaya wa kanisani. Hata ubeti haukuisha. Mtoto akalala.

Nikabaki nimesimama mikono mitupu. Ile homa nilikuwa nimejifunika nayo kama blanketi, sasa imechukuliwa na mwenye nayo. Kilichobaki katikati ya chumba kile kilikuwa wivu tu, umevaa gambuti.

Nilikimbia. Nilianguka kwenye tope mara moja, nikainuka, nikakimbia.

Kwenye kizimba watu walishapanga mstari. Zimkhitha alikuwa amesimama peke yake ukutani, taa 417 kwenye kofia, hakuinua uso. Mkaguzi, mzee mfupi mwenye miwani, alikuwa anaangalia saa. Machobane alikuwa anahubiri.

"Mmeona? Sikusema? Mmoja mtoto wake akikohoa, wawili hawafanyi kazi. Halafu hawa ndio watuongoze! Na kesho huyu naye atapata wa kwake."

Alisema tu kwa mdomo wake mrefu, hakujua kitu. Nilimwona Zimkhitha akifumba macho.

"Mwenzake amefika," nikasema.

Wakageuka wote. Nilikuwa na tope hadi shavuni. Mzee Rampedi akauliza kwa upole, maana mtaa wetu ni mmoja na habari zinatangulia, "Mtoto yukoje, binti yangu? Tumesikia anaumwa."

"Ana baba," nikajibu.

Machobane akafungua mdomo. Nilimngoja. Ana watoto watano, na nadhani ghafla alikuwa anajaribu kukumbuka lini aliwapeleka zahanati. Akageuka akaingia kizimbani.

Mtihani ulichukua saa tatu. Mkaguzi alimuuliza gesi, moshi, nyaya, hatua za kuondoa watu, kila kitu. Kisha akamwambia agonge dari. Akagonga polepole, macho yamefungwa, bega limeinuka kidogo. Alipofika kona ya ndani akasimama. "Hapa sipakubali. Nataka magogo mawili kabla mtu hajapita."

Mkaguzi akagonga. "Mimi nasikia mwamba mzima."

Nikatamani ayumbe. Naandika kwa kuwa ni kweli, baada ya tope lote lile bado nilitamani ayumbe.

"Wewe ni mkaguzi, baba," Zimkhitha akasema. "Lakini watu wangu hawapiti hapo."

Mzee yule akatabasamu, akaandika. "Ni mzima kweli," akasema. "Ila mlipuaji akibadilishwa mawazo na cheo cha mtu, huyo simpi cheti."

Amefaulu.

Kwenye kizimba tukipanda, gizani, nikahisi ananishika kiwiko cha ovaroli. Akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Kusikiliza dari nilifundishwa na dada Keneilwe." Yalikuja kwa kuchelewa, lakini yalikuja.

Akaenda zahanati moja kwa moja. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikangoja aingie.

Oratile ana maambukizi ya sikio. Amepewa dawa. Jioni alinipa mkono mmoja tu, mwingine umeshika kola ya Pule. Nimeupokea huo mmoja.

Ijumaa, 12 Desemba

Zimkhitha yuko chumba cha taa. Machobane amesema, "Si nilisema?" mara nne, nilihesabu.

Bi Mokgatlhe ameniita ofisini. Akafunga mlango.

"Lengo letu ni mwanamke aliye chini, si aliye dirishani. Mwenzako atakuwa juu mwaka mzima. Wewe utaanza darasa Januari, tutaharakisha, Juni mtihani. Julai unachukua ile timu."

"Timu ya Zimkhitha."

"Timu ya kampuni."

Moyo uliruka kama mbuzi. Nilitaka. Sitajifanya mtakatifu kwenye daftari langu mwenyewe, nilitaka hadi vidole vikauma. Akanisogezea fomu.

"Nitasaini," nikasema. "Ila andika hapo kwamba Zimkhitha akirudi anapewa timu yake, na mimi napewa nyingine."

"Fomu haina sehemu ya maneno hayo."

"Ina ukingo."

"Mama Oratile, hiyo inakuwa nafasi mbili. Lengo ni moja kwa kila shimo."

"Basi mtakuwa mmezidisha. Ripoti yenu itapendeza."

Akaivuta fomu upande wake. "Unajua ukiwa mgumu naweza kutangaza kiti upya?"

"Najua. Na mimi nitauliza mbele ya ukumbi kwa nini mwanamke akipata mimba hapa jina lake linafutwa kama chaki. Swali hilo ninalo tangu Oktoba. Pia nitaomba funguo za chumba cha maziwa, nikaonyeshe watu zile gambuti."

Akaandika. Mistari miwili ukingoni, mwandiko wa hasira. "Siwezi kukuhakikishia kitu," akasema.

"Gonga muhuri tu, mama."

Akagonga. Nikaomba nakala mbili.

Alhamisi, 25 Desemba

Mgodi umefungwa kwa sikukuu. Mvua. Oratile ametembea hatua tatu, kutoka kwa Pule kuja kwangu. Kisha akarudi.

Jumatatu, 12 Januari

Foleni ya taa asubuhi ilikuwa ndefu. Mwenzangu mpya wa kutembea naye ni msichana mgeni kutoka Taung, kimya, anasikiliza kila jibu ninalowapa wanaume. Darasa linaanza kesho baada ya zamu.

Nilipofika dirishani Zimkhitha alikuwa amekaa kwenye kile kiti changu cha zamani chenye mguu mfupi, tumbo limegusa meza. Nikasema namba yangu, 1032. Hakwenda kuitafuta. Akaweka mezani 417.

"Hii chukua wewe," akasema. "1032 nimeitundika huku. Nitaivaa nikirudi."

Niliishika. Kile kikwaruzo changu bado kipo pembeni ya kioo, na kipya chake kimeongezeka.

"Asante, dada," nikasema. Na meno yangu yalitoka yote, sikuweza kuyazuia.

Akatabasamu naye, lakini nikayaona macho yake. Macho yale niliyavaa miezi kumi na moja kwenye dirisha lilelile. Yalishuka kwenye taa, yakapanda kwenye kofia yangu, yakaenda kwenye kizimba nyuma yangu, yakarudi. Nilifurahi kidogo. Si sana, kidogo. Kisha nikaona alichobandika kwa gundi upande wa ndani wa kioo cha dirisha, kikielekea nje, nje kwetu tunaopita: ile nakala ya fomu, na mistari miwili ya ukingoni ameizungushia wino mwekundu.

"Umebandika ili wote wasome?" nikamuuliza.

"Wewe usome," akasema. "Kila asubuhi. Nikirudi, nimdai nani mwingine?"

Foleni ilikuwa inasukuma. Nikasoma jina lake mara moja, nikawasha taa, nikaenda.

Kurasa zilizobaki za daftari hili zinatosha masomo ya gesi na nyaya. Kesho naanza ule ukurasa wa pili.